Maktaba ya Obeid na Mwalimu Asiyekuwapo

Nyumbani kwa Obeid Sanga, mtaa wa Soweto jijini Mbeya, kulikuwa na chumba kimoja ambamo mgeni hakulazwa. Hata mama mkwe wake alipokuja kutoka Rungwe kuuguza jino, alitandikiwa sebuleni. Chumba kilikuwa cha vitabu. Obeid alipigilia mwenyewe rafu nne za mbao za msonobari, akapanga juu yake vitabu sitini na tatu vya karate, judo na mieleka, kanda za video za zamani ishirini na mbili, CD zilizojaa makasha mawili ya viatu, na diski ya kompyuta aliyoivalisha soksi ya sufu ili isipate vumbi.

Ilimchukua miaka kumi na tisa kuvikusanya. Vingine alivichomoa kwenye malundo ya vitabu vya mitumba Mwanjelwa, vingine aliviagiza kwa madereva wa malori. Vitatu vilikuwa vya Kifaransa, lugha asiyoijua, kwa sababu alivipata Tunduma kwa mfanyabiashara wa Kikongo. Kimoja cha Kijapani alikisoma kwa picha tu. Baridi ya Mbeya iliziotesha kanda zake koga nyeupe, na kwa kuwa kazi yake ilikuwa ufundi wa televisheni, alizifungua kwa bisibisi na kuifuta tepu kwa pamba, polepole, mpaka mwisho. Alikuwa pia na daftari ambamo kila kitabu kilikuwa na mstari wake: kilipatikana wapi, na kiaminiwe kwa lipi. "Mateke mazuri, ngumi usizifuate." "Huyu anajisifu, anza sura ya pili." "Kurasa za kata ya nne hazipo, muuzaji alifungia karanga."

Kata ni mfululizo wa mapigo na vizuio ambao mtu anaucheza peke yake, kwa hatua zilizopangwa tangu zamani. Obeid alizijua nyingi, na alizifundisha Jumanne, Alhamisi na Jumamosi kwenye ukumbi ulio nyuma ya kanisa, kwa watu kumi na wanne waliomheshimu sana.

Jambo ambalo hakuna aliyelijua ni kwamba Obeid hakuwahi kufundishwa na mtu yeyote.

Uongo wenyewe ulianza kwa neno dogo. Siku aliyokwenda kuomba ukumbi, mzee wa kanisa alimuuliza, "Na wewe ulifundishwa na nani?" Obeid akaona kwamba akisema "na vitabu," ukumbi hataupata. Ujanani aliwahi kuishi Ndola, Zambia, miaka miwili akipakia saruji. Akajibu, "Na Mwalimu Phiri, wa Ndola." Mzee akauliza kama huyo mwalimu yupo hai. "Alishafariki," alisema Obeid, na mzee akampa pole. Tangu hapo Mwalimu Phiri akawa mtu. Wanafunzi walipouliza alikuwaje, Obeid alisema alikuwa mkali lakini ana haki. Walipouliza alikufa kwa nini, alisema ni moyo. Na mkanda mweusi aliojifunga kiunoni, ambao aliushonesha kwa fundi mmoja, ukawa mkanda aliovishwa na Mwalimu Phiri.

Mwaka jana, mwezi wa sita, Nyamizi alimletea fomu. Nyamizi Ngolo alikuwa na miaka ishirini na tatu, binti wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia bonde la Usangu, na ndiye mwanafunzi aliyemzidi Obeid kwa wepesi. Shule moja ya bweni ya wasichana huko Iringa ilikuwa imemuahidi kazi ya kuwafundisha wanafunzi kujilinda, ila alete cheti cha mkanda wa kahawia kinachotambulika. Chama cha karate cha nyanda za juu kilikuwa kimetangaza mtihani mwezi wa nane.

"Mwalimu, jaza hapa kwako, mimi sehemu yangu nimemaliza," alisema Nyamizi. "Baba ameshatangaza kule kwetu Ubaruku nzima kwamba binti yake anakwenda kuwa mwalimu."

Kwenye fomu kulikuwa na nafasi tatu: jina la mkufunzi wa klabu, jina la mwalimu aliyemfundisha mkufunzi, na mahali mwalimu huyo alipotunukiwa mkanda. Obeid aliandika jina lake. Kisha akaandika "Marehemu Mwalimu Phiri, Ndola," na mkono ukaishia hapo. Mtahini mkuu alikuwa Mwalimu Silvester Kihwele, mzee wa Kalenga ambaye kila mtu wa karate alikuwa amemsikia, na ambaye ilisemekana aliwahi kucheza mashindano Zambia miaka mingi. Angewajua watu wa Ndola. Angeuliza swali moja tu, na cheti cha Nyamizi kingekufa palepale mezani.

Fomu ilikaa kwenye rafu siku nane. Obeid akaanza kuacha chakula. Siku ya tisa, mchana, mkewe Goodness aliingia chumbani bila kubisha, akaishika ile fomu, akaisoma.

"Baba Neema, hii karatasi ndiyo inakunyima kula?"

Obeid akageukia rafu, akaanza kunyoosha vitabu.

"Kama ni kumkumbuka marehemu, sema."

"Hakuna marehemu," alisema Obeid.

"Sijakuelewa."

"Phiri hayupo. Hajawahi kuwapo. Mimi nilijifunza humu ndani, kwa hivi vitabu na hizi kanda. Hata huo mkanda nilishonesha."

Goodness alikaa kwenye kigoda. Alimtazama mumewe, kisha akazitazama rafu.

"Miaka kumi na minne nimemuombea huyo mtu," alisema. "Kila Pasaka. Jina lake nimelitaja kanisani kwa sauti."

"Najua. Nilikuwa nimekaa pembeni yako."

Goodness akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta machozi kwa kanga, halafu akaacha ghafla. "Sasa sikiliza. Mimi nitakusamehe, lakini huyo binti hawezi kwenda kusimama mbele ya watu na jina la mtu wa kutunga. Nenda Kalenga ukamwambie huyo mzee kabla hajakuuliza."

Alfajiri ya Jumatatu Obeid alipanda basi la Iringa, na saa nane mchana akawa Kalenga, akielekezwa nyumba ya Mwalimu Silvester. Alimkuta mzee kwenye bustani ya nyanya karibu na mto, amevaa kofia ya sufu, anafunga miche kwenye vijiti.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kamwene," mzee aliongeza salamu ya Kihehe, "karibu. Umetoka mbali, viatu vinasema."

Obeid alikuwa amepanga maneno tangu Makambako, lakini yote yalimtoka kwa mkupuo: Soweto, vitabu sitini na tatu, ukumbi wa kanisa, saruji ya Ndola, Phiri, fomu, Nyamizi. Mzee aliendelea kufunga miche. Obeid alipomaliza, mzee alinyoosha mgongo na kuonyesha sehemu ngumu ya kupigia maharage.

"Vua viatu. Nichezee kata ya nne."

Obeid akacheza. Alicheza vizuri kuliko alivyowahi kucheza, maana aliona ndiyo mara ya mwisho. Alipomaliza, mzee alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Hii uliitoa kwenye televisheni."

"Ndiyo. Kitabu changu hakina hizo kurasa. Umejuaje, mwalimu?"

"Umeanza upande wa kulia. Kata hii inaanza kushoto. Yule wa kwenye televisheni alikuwa amekuelekea, akanyanyua mkono wa kushoto, wewe ukanyanyua wa upande uleule unaouona, kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Umeigeuza yote, mwanzo mpaka mwisho. Ungekuwa na mwalimu nyuma yako, angekushika mabega akakugeuza."

Obeid akapiga hesabu. Miaka tisa alikuwa ameifundisha kata hiyo. Watu kumi na wanne Mbeya walikuwa wanaanzia kulia.

"Cheza ya pili," alisema mzee.

Obeid akacheza ya pili.

"Hiyo ni ya kitabu. Mikono sawa, miguu sawa, upande sawa. Lakini unasimama kila picha inapoishia. Kati ya picha na picha hujui kulikuwa na nini, kwa hiyo unarukia inayofuata." Mzee alikohoa. "Nimetahini watu waliofundishwa na walimu wakubwa, na hawakufika hapo ulipofika wewe na karatasi zako. Lakini umedanganya watu."

"Ndiyo, mwalimu. Nimekuja kuiondoa klabu kwenye mtihani."

"Nani amekuambia uiondoe? Sheria yetu haikatai mtu aliyejifunza mwenyewe. Inasema atahiniwe. Pale pa mwalimu andika 'hakuna', na wewe mwenyewe uje ufanye mtihani pamoja na watoto wako. Huo mweusi uuache nyumbani." Akasimama, akachukua kamba zake. "Ila kabla ya yote kawaambie. Wote, mbele yao. Hilo mimi siwezi kukusaidia."

Obeid aliweka mikono usoni, akabaki hivyo. Mzee alimwacha. Baadaye alimpa nyanya kwenye mfuko wa plastiki, akamuuliza kama ni kweli ana vitabu sitini, na kama miongoni mwake kuna chochote kuhusu kuangusha mtu ukiwa na goti bovu.

Jumamosi Obeid alisimama ukumbini bila mkanda. Alisema kila kitu, pamoja na kata ya nne. Mwanamume mmoja, Liberatus, dereva wa lori, alisema kwamba yeye alikuja kupunguza tumbo na tumbo limepungua, kwa hiyo hana kesi. Wachache wakacheka. Nyamizi hakucheka.

"Miaka mitano," alisema. "Miaka mitano ninaanzia kulia, na mtihani ni wiki saba zijazo."

"Ndiyo."

"Nilimsimulia baba habari za Mwalimu Phiri. Alisema huyo alikuwa mwanamume kweli."

"Nitamwambia mimi mwenyewe, Nyamizi."

"Hapana. Usimpigie." Alichukua mkoba wake akatoka, na Jumanne hakuja. Alhamisi pia hakuja. Watu watatu wengine walihama kabisa, na Obeid hakumlaumu hata mmoja. Aliwafundisha waliobaki, na usiku akalala usingizi mzito, jambo lililomshangaza, maana mambo yalikuwa yameharibika na bado kifua kilikuwa chepesi.

Ijumaa saa kumi jioni Nyamizi alibisha hodi nyumbani.

"Nataka kuiona hiyo kanda," alisema. "Ile yenyewe."

Obeid alimkaribisha kwenye chumba cha vitabu. Alikuwa hajawahi kumwingiza mwanafunzi humo. Aliogopa wangeuliza mbona mtu mwenye mwalimu ana vitabu vingi kiasi hiki. Nyamizi alizunguka rafu. Alifungua daftari, akasoma ukurasa mmoja, akafungua mwingine. "Huyu anajisifu," alisoma, na mdomo ukamcheza kidogo.

Obeid akaweka kanda. Nyamizi alijaribu kufuata, lakini kila mara mwili ulikwenda ulikozoea. Akajikwaa, akarudia, akakasirika. "Macho yananiambia kulia, kichwa kinaniambia kushoto. Wiki sita zilizobaki hazitoshi."

Goodness alikuwa mlangoni na sindano mdomoni, maana alikuwa anashona sare za kwaya. Aliitoa ile sindano. "Ngojeni," alisema. Akarudi akiwa amekumbatia kioo kirefu wanachojitazamia wateja wake, akakiegemeza ukutani mbele ya Nyamizi. Televisheni wakaigeuzia nyuma yake, ili mchezaji wa kwenye kanda aonekane ndani ya kioo.

"Sasa mfuate huyo wa kwenye kioo, usifikirie."

Nyamizi akamfuata. Mguu wake ukatoka kushoto wenyewe. Alicheza hatua sita, akasimama, akageuka kumtazama Obeid na macho yamemtoka.

"Mwalimu, njoo na wewe simama hapa. Wewe ndiye mbaya zaidi."

Wakacheza wawili, bega kwa bega, mpaka video ikapata moto na Obeid akalazimika kuifungua ipoe. Wiki hizo sita klabu nzima ilipita kwenye chumba kile, watatu watatu, viatu vikirundikana mlangoni. Nyamizi alikuwa wa kwanza kuazima kitabu, na Obeid akaongeza safu mpya kwenye daftari, ya jina la mwenye kukichukua.

Mtihani ulifanyika Iringa kwenye ukumbi wa shule, siku yenye upepo mkali. Obeid alijifunga mkanda mweupe na kusimama mstari mmoja na wanafunzi wake saba. Mwalimu Silvester hakumwonyesha kwamba anamfahamu. Ilipofika kata ya nne, Obeid alisikia miguu minane ikitoka kushoto kwa pamoja, na akajua kwamba lolote litakalofuata atalivumilia.

Watano walifaulu. Nyamizi alipata mkanda wa kahawia. Liberatus alianguka na kusema atarudi. Obeid naye alipewa wa kahawia, na mzee alipokuwa anamfunga alimwambia kwa sauti ya chini, "Mweusi baada ya miaka miwili, ukija kwangu kila mwezi. Na uje na kile kitabu cha magoti."

Njiani kurudi basi lilisimama Nyololo, na Nyamizi akashuka kununua mahindi ya kuchoma. Alikuwa anaongea na baba yake kwa simu, Kisukuma kitupu, kwa sauti ya juu. Aliporudi alimpa Obeid hindi moja.

"Baba amesemaje?" aliuliza Obeid.

"Amecheka. Amesema hata yeye kuchunga ng'ombe hakufundishwa na mtu." Nyamizi alifunga dirisha. "Halafu akasema nikupe pole ya Phiri."

Obeid alicheka mpaka punje zikampalia. Basi lilipoondoka alikuwa bado anacheka peke yake, na kabla halijafika Makambako alikuwa amelala, hindi mkononi, kichwa kwenye kioo cha dirisha. Hakuamka Igawa, wala Chimala, wala Uyole. Mbeya ilibidi wamtikise.