Baharia Asiyejua Kitu

Boti ya Mzee Abednego ilifika Musoma juu ya lori, na tangu ishushwe majini pale kwenye mwalo wa Mwigobero, hakuna aliyeiona ikienda mahali pa maana. Ilikuwa nyeupe, nyembamba, na mlingoti wake mrefu kunguru waliupenda tangu siku ya kwanza. Ubavuni iliandikwa Mtulivu, lakini wauza dagaa waliiita Kiinua Mgongo, kwa sababu kila mtu alijua mzee alikuwa fundi wa meli, amestaafu, na jasho lake lote limeishia pale, linaelea. Haikuvua samaki. Haikubeba abiria wala mkaa. Waliochungulia ndani walisema ina jiko, kitanda na choo, na hicho choo ndicho kilichowakera watu kuliko vyote.

Siku moja mzee akatangaza kwamba anatafuta mtu mmoja wa kusafiri naye kwa tanga, kisiwa cha Rukuba kwanza, halafu Ukerewe, halafu Mungu akipenda kuzunguka ziwa lote. Sharti lake lilikuwa moja: mtu huyo asiwe anajua kitu.

Sasa, ukitaka kuona watu wakijidai hawajui kitu, tangaza nafasi ya kula na kulala bure. Walikuja kwa makundi. Jastin wa Kiriba, ambaye alikulia ndani ya mtumbwi, alikataliwa kwa sababu anapiga mluzi. Clementi, aliyekuwa akiendesha boti za visiwani, alikataliwa kwa miguu mikubwa. Faustine alitoka Bunda na cheti chake cha hoteli ndani ya mfuko wa plastiki, akiwa hajapanda hata mtumbwi maishani mwake, na mzee akamwonea huruma mpaka akamwekea chai. Kwa bahati mbaya Faustine akalamba kidole, akakiinua juu, akasema upepo unatokea kule. Mzee akamwambia hapendi wajuaji. Faustine akarudi Bunda siku hiyohiyo.

Wote hao, wakishakataliwa, walikwenda kumalizia hasira zao kwenye banda la Nyamburi, aliyekuwa akiuza chai na maandazi hapohapo mwaloni. Nyamburi alizaliwa Butiama, akaolewa Nyasho, mtaa wa hapohapo Musoma, akaachika Nyasho, akabaki Nyasho kwa sababu chumba kilikuwa cha bei nzuri. Aliwasikiliza, akawamiminia chai, na kimoyomoyo akawa anamwomba Mungu mzee aendelee kukataa.

Maana aliitaka nafasi ile mpaka ikamkosesha usingizi, na alijua kwa nini. Katika maisha yake hakuwahi kusafiri bila sababu. Bunda alikwenda kuzika. Mwanza alikwenda kumuuguza dada yake. Butiama kwenyewe alikwenda akiitwa, na mtu haitwi nyumbani kwa jambo jema. Boti zote alizokuwa akiziona zikitoka pale mwaloni zilitoka kutafuta chakula, na zilirudi na chakula au zikarudi na matusi. Hii moja ilikuwa inataka kwenda tu. Nyamburi alikuwa na hamu ya kwenda tu, angalau mara moja, kabla magoti hayajaanza kumuuma.

Basi alimwachia jirani banda, akajaza chupa ya chai, akamfuata mzee aliyekuwa ameketi kwenye gati akipiga soga na boti yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unajua kuogelea?"

"Sijui."

"Umewahi kushika kasia?"

"Mimi nashikaga mwiko."

Mzee Abednego akamtazama vizuri zaidi. "Upepo unatoka wapi sasa hivi?"

"Kwa Mungu," Nyamburi akasema.

Mzee alifurahi kabisa. Akapokea chai, akanywa, akasema chai ina tangawizi ya kutosha, na kazi ikawa kama imekwisha. Ndipo akauliza lile swali ambalo mzee yeyote wa Mara lazima aulize, hata kama anataka kukuuzia nyanya tu.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa Silasi Makongoro. Wa Butiama, karibu na mnadani."

Mzee akaweka kikombe chini. Akauliza Makongoro yupi, wa ukoo upi, na bibi yake alitokea wapi. Kila alipojibiwa, uso wake ulizidi kushuka.

"Ee Mungu wangu," akasema. "Mtani."

Ukoo wa Nyamburi na ukoo wa mzee, wavuvi wa Kiriba, ni watani tangu enzi za mababu, na utani wa kwao si mchezo. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Anaweza kukuvua kofia akaondoka nayo. Ukikasirika, mwenye makosa ni wewe, na unatozwa kuku. Tena mtani akifa, wewe ndiye unayekwenda msibani kumwigiza alivyokuwa anatembea na kukoroma, waliofiwa wacheke kidogo. Mwanamke aliyekuja na heshima zote na chupa ya chai akanyooka mgongo hapohapo, sauti ikabadilika.

"Kumbe ni nyie," akasema. "Nashangaa harufu ya samaki furu inatoka wapi."

"Nyie mnaoona ziwa mnatafuta ng'ombe wa kunywesha," mzee akajibu, maana hakuwa na njia nyingine. "Nafasi imejaa. Miguu yako mikubwa."

"Ya kwako ya bata, na boti imekubali. Kesho nakuja asubuhi."

Na asubuhi akaja. Mzee akamvisha koti la kuelea lililomfanya aonekane kama gunia la pamba, akamkalisha kwenye ubao, akamweleza kwa upole kwamba kwenye chombo cha tanga hakuna mjadala. Nahodha akisema vuta, unavuta. Akisema achia, unaachia. Maneno mengine utayasemea nchi kavu.

Nyamburi akakubali kwa kichwa. Lakini utani ukishaingia mdomoni hauna breki.

"Vuta kamba," mzee akasema.

"Vuta wewe, si ndio mlizaliwa na nyavu?"

"Nimesema vuta."

"Navuta, usinifokee kama nimekula sato wako."

Katika kujibizana huko tanga likayumba, ule mti unaolishika kwa chini ukapita kwa kasi, ukachukua kilemba cha Nyamburi na kwenda kukitupa ziwani. Alipoambiwa afunge kamba, aliifunga kama anavyofungwa mbuzi anayekwenda mnadani, fundo juu ya fundo, kiasi kwamba mzee alipotaka ifunguliwe haraka ilibidi atumie meno. Boti ikalala ubavu. Birika likaanguka jikoni, sahani zikalifuata. Jastin, aliyekuwa anapita na mtumbwi wake, aliacha kupiga kasia ili aone vizuri.

Hata hivyo walikwenda. Polepole boti ikaanza kuteleza, mji ukarudi nyuma, na Nyamburi akasahau kutukana kwa muda. Hakukuwa na kelele za injini. Maji tu yalikuwa yakisema maneno yao chini ya ubao. Mbele ghuba ilikuwa inafunguka, na nje ya ncha ya mawe inayoikinga ghuba ziwa lilikuwa kubwa, la buluu, halina ukingo.

Walipokaribia ile ncha, mzee akageuza boti. "Upepo mbaya," akasema.

Siku iliyofuata walifika pale pale, mzee akasema gesi ya jiko inaweza kuisha. Wakarudi. Mara ya tatu anga lilikuwa safi kabisa, upepo umepoa, gesi imejaa, na wavuvi walikuwa wakienda na kurudi wakipungiana mikono. Walipokaribia ncha, Nyamburi akamwona mzee anaangalia mawe yale, anameza mate, anakaza mkono kwenye usukani.

"Turudi," mzee akasema. "Nimesahau simu."

Simu ilikuwa inachungulia mfukoni mwa shati lake.

"Halafu nikuambie ukweli," akaongeza, bila kumtazama. "Hufai. Mdomo wako mrefu. Tukifika nchi kavu uniachie hilo koti, nitafute mtu mwingine."

Nyamburi akalishika lile koti kwa mikono miwili. Alikuwa ameshaaga maandazi yake. Alikuwa amemwambia kila mtu Nyasho. Kesho angerudi bandani kuwamiminia chai waliokataliwa, na yeye mwenyewe akiwa mmoja wao, na hasira ikampanda pamoja na kilio. Angekuwa mtu mwingine angenyamaza. Jastin angenyamaza, Clementi angenyamaza, kwa sababu huwezi kumwambia mzee wa watu jambo la namna hiyo mchana kweupe. Mtani anaweza.

"Mzee," akasema, "wewe unaogopa."

"Nini?"

"Unaogopa hayo maji. Unafikaga hapa unaanza kutafuta sababu. Jana gesi, leo simu. Watu wa Kiriba wakisikia, hata samaki watahama."

Mzee Abednego akawaka. Akasimama, akakaa, akasimama tena. "Shuka kwenye boti yangu," akapaza sauti.

"Nishukie wapi?"

Mzee akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Maji matupu.

"Umekasirika," Nyamburi akasema taratibu. "Kuku wangu awe jogoo."

Hapo mzee akaachia usukani na kukaa chini kama mtu aliyekatwa kamba. Tanga likaanza kupigapiga lenyewe. Halafu akasema kwa sauti ndogo, bila utani wowote:

"Mimi nilikuwaga chini."

"Chini wapi?"

"Kwenye injini. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwaga chini kabisa, tumboni mwa meli, na mafuta na joto. Nimezunguka hili ziwa hata idadi sijui, na sijawahi kuliona. Nasikia tu kengele juu, naongeza moto, napunguza moto. Wenzangu wakipanda kuangalia visiwa mimi nafungua nati. Nikasema nikistaafu nitakwenda juu, bila injini, nione." Akafuta uso kwa kiganja. "Haya ya matanga nimejifunza kwenye simu. Hapa ndani ya ghuba naweza. Nje, sijui."

Nyamburi akaelewa kila kitu kwa mara moja: mluzi wa Jastin, miguu ya Clementi, kidole cha maskini Faustine. Mzee wa watu alikuwa anatafuta mtu mmoja Musoma nzima asiyeweza kugundua kwamba nahodha hajui. Akamwonea huruma. Lakini huruma si kazi ya mtani. Akainuka, akashika mlingoti asianguke, akapandisha mabega kama ya mzee.

"Ukifa kitandani kwako," akasema, "nitakuja Kiriba msibani, nitaomba nafasi mbele ya mchungaji na wakwe zako wote. Nitasema, angalieni, hivi ndivyo marehemu alivyokuwa anasafiri." Akatembea hatua mbili kwa miguu ya bata, akakodoa macho, akashika usukani wa hewa, akapapasa mfukoni. "Jamani, nimesahau simu. Jamani, gesi. Jamani, kuna wingu kule Kenya. Kila mwaka nitakuja kuigiza. Nitafundisha na watoto wangu."

Mzee alimtazama akiwa amekunja uso. Mdomo ukaanza kumcheza. Akajaribu kuuzuia, akashindwa, kikamtoka kicheko kikubwa cha mtu aliyezoea kucheka mahali penye kelele. Akacheka mpaka akakohoa, akajipiga paja.

"Hutafanya hivyo," akasema.

"Nitafanya. Unatujua."

"Nawajua, ndiyo maana." Akashika usukani. "Vaa hilo koti vizuri. Ukiona nimeanza kugeuza, nitukane."

Wakaipita ncha ya mawe. Hakuna aliyepiga makofi. Mvuvi mmoja tu aliwatazama, kisha akaendelea kutega nyavu zake.

Nje mawimbi yalikuwa marefu, yanainua boti polepole na kuishusha polepole, na Nyamburi, aliyekuwa na maneno ya kutosha kwa ukoo mzima, aligundua kwamba tumbo lake halikupanda naye. Alijikaza. Alitazama Rukuba, akatazama mbingu, akatazama vidole vyake. Halafu akainama pembeni na kutapika chai, maandazi, na heshima yote aliyobaki nayo.

Akabaki ameinama hapo, anasubiri. Zamu ilikuwa ya mzee, na hakuna mtani aliyewahi kupewa nafasi nzuri kama ile. Mtu wa Butiama, anayejidai, analisha samaki. Nyamburi mwenyewe angeweza kumtungia maneno.

Mzee akamletea maji kwenye kikombe. Akamshika bega asiteleze. "Pole mwanangu," akasema. "Angalia mbali, usiangalie maji ya karibu. Pole sana."

Hilo lilimuuma Nyamburi kuliko tumbo. Hakukumbuka mara ya mwisho mtu kumwambia pole akiwa yeye ndiye anayeumwa. Siku zote pole alikuwa anazigawa yeye. Machozi yakamjaa.

"Nitukane basi, mzee," akasema. "Nitukane, nisije nikalia mbele yako."

"Siwezi." Mzee alikuwa amerudi kwenye usukani, macho yake mbele kwenye ziwa analoliona kwa mara ya kwanza, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyeitwa juu kutoka kwenye injini baada ya kusubiri sana. "Baharia wangu simtukani mpaka tufike nchi kavu. Tukifika Rukuba nitakutukana mpaka ukome. Sasa hivi vuta kamba."

Nyamburi akafuta mdomo kwa upindo wa khanga, akauliza ni kamba ipi.