Ramani Isiyo na Kivuko

Tangu utotoni, ugomvi wangu na kaka huamuliwa na mchezo wa vita vya kale kwenye kompyuta. Mmoja huchora ramani, mwingine huchagua upande. Sheria hiyo aliitunga kaka, kwa sababu, anasema, mwamba ngoma huivutia kwake. Na neno la mchezo hatulivunji. Ndilo jambo pekee tunaloliheshimu sote wawili.

Safari hii ugomvi ulikuwa mama. Alivunjika nyonga, na tangu hapo mimi ndiye ninayemlisha, ninayemwogesha, ninayemgeuza ili mgongo usifanye vidonda. Kaka huja Jumapili na matunda, anasifiwa, anaondoka. Sasa nilikuwa nimepata kazi ya upimaji ardhi mji mwingine. Nikishinda, mama anahamia kwa kaka nami naenda zangu. Nikishindwa, nabaki.

"Tukitoka sare?" kaka aliuliza.

"Lini tumewahi kutoka sare?"

"Tuseme tumetoka."

"Basi mambo yabaki yalivyo," nikamjibu, nina haraka ya kuchora.

Nilichora bonde ambalo falme mbili za zamani zililigombania. Nilitaka liwe la kweli: mto katikati, daraja moja la mawe, na huko juu, karibu na milima ya kaskazini, kivuko cha maji ya magotini ambapo majeshi yalipita wakati wa kiangazi. Kivuko hicho kilininyima raha. Kilikuwa jirani na ngome ya upande wa kaskazini, na kaka ana macho ya mwewe; angeuchagua upande huo. Nikakifuta, nikauongezea mto kina kote. Mashamba nikayapima sawa, migodi ya chuma sawa, misitu sawa, na kila upande nikaweka kilima mbele ya daraja. Nilijiona fundi kwelikweli. Hata ningeambiwa nichague mimi, nisingejua nishike upi.

Kaka alishika kaskazini. Tulichezea chumbani kwa mama, maana haachwi peke yake. Askari wangu walifika darajani, mishale ya kaka ikawamaliza. Askari wake wakaja, mishale yangu ikawamaliza. Nikatuma farasi, akatuma mikuki. Nilitafuta upenyo kushoto, nikatafuta kulia. Kila nilipogusa palikuwa na kina. Nilikuwa kama niliyefungiwa kabatini. Muda wa mchezo ulipokwisha, bendera zote mbili zilikuwa palepale zilipoanzia.

"Sare," kaka akasema, wala hakuificha furaha yake. "Umechora vizuri, mdogo wangu. Hongera."

Nilitamani kumrushia kibodi. Nilikuwa nimeula wa chuya, tena niliupika mwenyewe.

Mama alikuwa ameitazama skrini muda wote, shavu kwenye mto wa kitanda.

"Hapo kwenye maji," aliuliza, "watu wanavukia wapi?"

"Darajani, Mama."

"Mahali pengine hakuna?"

"Palikuwapo. Nilipaziba ili kaka asipite."

Kaka alikuwa ameshainama anafunga kamba za viatu.

"Haya, mwanangu," mama akasema. "Njoo unigeuze."