Rupia ya Mama Mkwe

"Mama Hajira, ile rupia yako inavuta mchele?" ndivyo alivyoniuliza jirani yangu Mbaraka siku moja, nikiwa naanika mihogo hapa Mkuza.

Rupia yenyewe ni ya fedha, ya Mjerumani, niliachiwa na mama mkwe kule Msimbu. Huku watu wanaamini ikivuta punje za mchele, matajiri huinunua kwa mamilioni. Mbaraka akaleta sahani ya mchele, akaigusisha rupia humo, akaiinua. Punje tatu zikaning'inia.

"Umeula, mama!"

Mimi niliwaza bati tu. Tangu marehemu mume wangu aondoke, chumba ninacholala kinavuja, na masika hayo yanakuja.

Tajiri ambaye Mbaraka alisema amempata alitaka karatasi ya mtaalamu, basi tukaenda Kwa Mathias kwa sonara Zubeir, Mbaraka na sahani yake ya mchele mkononi.

Wallahi, yule mtu ana mikono. Aliishika kingo tu, kama unavyoshika yai lililokaribia kuanguliwa. Akaipima kwenye mizani, akaweka kioo jichoni, akamtazama yule mzungu aliyechorwa kwenye rupia, mwenye kofia ya tai, hadi nikadhani atamsalimia.

"Inavuta hiyo," Mbaraka akasema. "Andika tu, fundi. Na chako kimo humo."

Zubeir akanusa kidole chake. "Mama, hii umeipaka nini?"

Mbaraka akanikanyaga mguu. Niliyaona mabati ya nyumba nzima. Lakini nilikuwa nimetoka kuswali adhuhuri, na udhu ninao, ningesemaje?

"Mafuta ya nazi. Kila Ijumaa, isipate kutu."

"Mama wewe! Mamilioni hayo!"

Zubeir akaifuta kwa pamba taratibu, akaichovya kwenye mchele wa Mbaraka. Haikushika hata punje.

"Haivuti kitu, kaka. Ila hongera, mama. Wengine huzisugua kwa mchanga zing'are, thamani ikaondoka. Hii haijachubuka. Nakupa laki mbili, na ukitaka kuulizia kwingine, kaulizie."

Mtu kaahidiwa fungu la mamilioni, ananiambia mimi nikaulizie kwingine! Miaka sitini na tatu hii, watu wa namna hiyo nawahesabu kwa vidole.

"Chukua, mwanangu," nikasema. Bati nane si haba, chumba changu kitafunikwa.

Zubeir akamgeukia Mbaraka na ile karatasi. "Nimeandika uzito na mwaka. Niongeze na jina la aliyesema inavuta?"

Mbaraka akabeba sahani yake, akatoka.