Sauti Niliyoitengeneza Ukiwa Umelala

Mwanga wa rangi ya chungwa, mwanangu, ndio wa kwanza niliokuonyesha: mirija ya kioo ndani ya amplifaya yangu kuukuu, ikipata moto polepole kabla ya wimbo. Ulicheka. Kisha nikagusa uzi mmoja tu wa gitaa, jirani wa chini akagonga dari yake, nawe ukalia mpaka ukapaliwa.

Nikaizima. Vumbi likaja, likakaa juu yake, halikuaga.

Lakini mimi sikuzimika, Maren. Sikuzimika. Kila mchana ulipolala, theluji ya mji wetu wa Duluth ikisugua dirisha, nilivaa vipokea sauti masikioni nikachomeka gitaa kwenye kompyuta. Ndani ya programu yake ya muziki nilikuta amplifaya kumi zisizo na uzito, mwangwi wa kanisa, mkwaruzo wa radi. Ngurumo yote hiyo, na wewe unakoroma! Saa moja na nusu ya usingizi wako, nami mkubwa kuliko nyumba. Humo nikatunga nyimbo tatu.

Jumamosi nikazipeleka gereji kwa Lyle, mpiga ngoma wa bendi yetu, kompyuta kwapani.

"Mama Maren, umekuja kupiga gitaa au kutuma barua pepe?"

"Mwache bwana," akadakia Odette wa besi, "labda anatuangalizia hali ya hewa."

"Mimi sitanii," akasema Lyle. "Sauti bila mirija ni kahawa ya jana. Ijumaa tunapanda jukwaani. Lete amplifaya, au tunamwita mwingine."

Mwingine! Kwenye nyimbo zangu!

Jumatano nikalibeba dude lile hadi gereji, mgongo ukinilaani. Nikawasha swichi ya kwanza, mirija ikang'aa. Ikabaki ya pili, ile inayoachia sauti. Kidole kikafika. Kidole kikakataa.

Nikachomeka gitaa kwenye kompyuta, na kompyuta kwenye spika za waimbaji, nikapiga wimbo wa usingizi wako.

Lyle akatupa fimbo zake za ngoma, akapiga magoti mbele ya amplifaya, viganja juu ya mirija kama anayeota moto. "Mnasikia joto hilo? Hii sasa ndiyo sauti yenye damu!"

Ningenyamaza, Ijumaa ingekuwa yangu. Yangu kwa uongo. Ningekuhadithia nini ukikua?

"Kaka Lyle, hiyo imelala. Swichi ya pili sijaigusa. Unayoisikia ni barua pepe."

Odette akacheka mpaka akashika ukuta. Lyle akaitazama swichi, akaitazama kompyuta, masikio yakimwiva.

"Haya. Iweke kompyuta yako mbele, watu waione. Ila ikizima katikati ya wimbo, nakurushia fimbo."

"Ikizima, nitaimba."

Sasa umelala tena, mchana mweupe, na Ijumaa ni kesho. Amplifaya nimeifuta vumbi. Siikani, itakungoja ukue. Mwanga wa kompyuta umekugusa shavu, samawati kama barafu ya ziwa. Waseme ni mwanga baridi. Waseme! Napiga nyuzi kwa nguvu zangu zote, radi inanijaa kichwani, nawe hupepesi hata ukope.