Pete Sita Zilizofungwa Leso

Mtawa Teirin alipofika kwenye daraja la kuingilia kijiji cha Kamisawa alitazama huku na huku, akatoa leso, akazifunga kitita kimoja zile pete sita za kichwani mwa fimbo yake. Akaitikisa. Kimya. Safi kabisa.

Sheria ya watawa haina mzaha: ukipita kuomba sadaka usiruke nyumba, ya tajiri wala ya fukara. Mdomo husema nini? Hausemi kitu, pete ndizo zinazopiga hodi. Tikisa mara tatu, wasipotoka, inama, nenda zako. Na nyumba ya kwanza baada ya daraja ilikuwa ya dada yake, Oshige. Miaka kumi na mmoja nyuma Teirin alitorokea utawani siku moja kabla ya harusi yake mwenyewe, akamwachia dada yake aibu yote ya kuwakabili wakwe. Oshige alimtumia neno moja tu: "Mwambieni asigonge mlango wangu mpaka nife."

Basi Teirin angesimama, angetikisa fimbo bubu mara tatu, angeinama, angeondoka. Nani angesema karuka nyumba? Alimtamani dada yake, jamani, alimtamani mno. Ila kufukuzwa naye uso kwa uso, hilo asingeliweza.

Lakini pete zile si za watu peke yao. Ni sita kwa ajili ya viumbe wa aina zote sita, wa mbinguni mpaka wa kuzimu, na hata nyoka na wadudu huusikia mlio wakajiondokea njiani wasikanyagwe. Leo nani kawaambia? Alipofika kwa Oshige, Teirin alikanyaga mkia wa nyoka aliyekuwa akiota jua mlangoni, mmoja wa wale wakaao darini wakila panya, hana sumu lakini hasira anazo. Nyoka huyo, mbio, jikoni kwa Oshige.

"Mama yangu wee!"

Vyungu vikalia. Oshige akatoka na upawa mkononi, nyoka akampita miguuni akatokomea bustanini. Jirani yao, mzee Kyubei, aliyekuwa akimenya figili kibarazani kwake, alicheka mpaka kisu kikamdondoka.

Oshige akamwona mdogo wake. Kisha akaiona leso.

"Ohoo! Umeziziba mdomo!"

"Dada, mimi..."

"Nyamaza, mtawa hasemi! Miezi mitatu tangu nisikie umehamia hekalu la mlimani, kila asubuhi napika wali wa ziada, natega sikio. Huyu mzee kanenepa kwa fungu lako!"

"Kweli kabisa, mama mtawa," alisema Kyubei. "Nakusihi, msipatane haraka."

"Na wewe menya figili zako! Mimi nilikataza kugonga mlango. Kutikisa pete nilikataza?"

Teirin machozi yakamtoka. Oshige akaifungua leso, akapengea kamasi zake mwenyewe, akaitia mfukoni.

"Haya, tikisa. Tikisa kama mtu mwenye akili zake." Akaingia ndani, akabamiza mlango.

Teirin akatikisa. Pete zikalia, zikasikika kijiji kizima. Mlango haukufunguka. Akatikisa tena. Wapi! Kyubei akaacha kumenya.

Mkono ukawa mzito. Ya tatu ikipita, sheria ni sheria, itabidi aondoke, na Oshige alikuwa mtu wa kuweza kabisa kumwacha aondoke. Alimjua. Akatikisa ya tatu, akangoja mpaka pete ya mwisho ikanyamaza. Hakuna mtu. Akainama, akageuka, akapiga hatua moja.

"Unakwenda wapi?"

Oshige alikuwa amesimama kizingitini na chungu cha wali mikononi, uso wote umelowa.

"Nilikuwa hapa hapa nyuma ya mlango," alisema. "Nilitaka nikusikie tu unaniita. Miaka kumi na mmoja, mdogo wangu, hukuniita hata mara moja. Lete bakuli."