Miguu ya Kambale

Jumamosi moja ya Februari 2010, huko Bredäng, pembezoni mwa Stockholm, Célestine alikuwa akipiga deki alipoona nyayo za zambarau zimetoka mlangoni hadi kando ya kitanda cha mama yake. Zilinuka divai. Akaanza kuzifuta.

"Acha," mama yake, Gaudiose, akasema kutoka kitandani. "Huyo ni Kambale. Ona kidole cha mwisho kilivyomkalia mwenzake."

Kambale alikuwa kaka yake Célestine. Alifanya kazi Hispania, kwenye shamba dogo la mizabibu la mzee asiyetaka kusikia habari za mashine. Zabibu nyekundu za pale zilikanyagwa kwa miguu, na miguu yenyewe ilikuwa ya Kambale. Chupa za shamba hilo ziliingia Stockholm bila kuulizwa swali. Kambale mwenyewe, ambaye karatasi zake za muda hazikumruhusu kutoka Hispania, alikuwa amenyimwa viza, na mama yake alikuwa akiishiwa pumzi. Alibaki Pasta Israël wa kanisa lao tu wa kumdhamini, naye alikataa: kanisa haliwezi kumdhamini mtu anayeishi kwa pombe.

Célestine akavaa koti, akazifuata nyayo kule zilikotoka. Zilipita kwenye theluji ya Sätra, zikasimama penye kibanda cha soseji, maana Kambale na chakula ndivyo walivyo, zikaishia Skärholmen, mlangoni kwa Pasta.

Pasta akafungua. Meno yake yalikuwa ya zambarau.

"Bwana asifiwe, Pasta. Kaka yangu ametokea kwako."

Pasta akazitazama nyayo. Zilianzia chini ya meza, penye glasi yake na chupa ya shamba lile.

"Ni dawa ya tumbo," akasema.

"Pole. Basi utamdhamini?"

"Dada, msimamo wa kanisa unaujua."

Jumapili Pasta alihubiri juu ya ulevi sebuleni kwake, ndiko kanisa lilikokutana, na akahubiri vizuri kweli. Waumini waliruka nyayo pale mlangoni, wakaketi, wakaitika amina.

Célestine na mama yake hawakuweza kuinywa divai hiyo wenyewe. Waliapa siku ya ubatizo, na kiapo ni kiapo. Kwa hiyo kila Ijumaa, akitoka kusafisha maofisi kule Kista, Célestine alipitia duka la pombe la serikali, akanunua chupa ya shamba lile, akaitundika kwenye kitasa cha Pasta. Pasta hakuuliza inatoka kwa nani. Jumamosi nyayo zilifika.

"Na tumbo la Pasta likipona?" Gaudiose aliuliza siku moja.

"Haliponi, mama. Naliombea."

Viza ilikataliwa tena mwezi wa tano. Jumamosi hiyo Gaudiose aliweka beseni la maji ya moto kama kawaida, na maji yakatikisika, yakawa mekundu. Aliosha kisigino, akaosha vidole, kile kilichomkalia mwenzake akakiosha taratibu. Mkono ukipita kifundo ulikuta hewa tu. Alimweleza habari zote za nyumbani huku ameinua uso juu kabisa, kwa sababu mwanawe ni mrefu.