Mlio Ambao Hatukuupanga

Miaka ishirini na mbili nimewalaza wengine kwenye mashine hii ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, hapa hospitali ya mji wa Pleven. Siku nilipolala mimi, mwenzangu Metodi alinifunga kichwa kwa furaha kabisa.

"Tulia, ajuza. Ukiniharibia mashine kwa hicho kichwa kigumu, shauri yako."

"Piga picha, mdomo uupumzishe," nikamjibu.

Nilimwomba picha za kawaida tu za kichwa, za robo saa. Tangu mwezi wa pili uanze nilikuwa nasikia harufu ya pilipili hoho zinazochomwa, na nani Pleven anachoma hoho kabla ya vuli, msimu wa kuzivuna? Mume wangu, Rumen, alinusa jikoni, akanusa hadi kabatini, akasema pua yangu ina wazimu. Mimi nilijua harufu isiyokuwepo inaweza kutoka wapi. Niliogopa hata kulitaja jina la ugonjwa wenyewe.

Kelele za mashine hii nazijua zote. Ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Nikangoja kitanda kitoke. Hakikutoka.

Kimya. Kisha ikaanza tok, tok, tok, ya polepole, mlio ambao hatukuupanga. Hicho ni kipimo cha kemia. Hakipimi kichwa kizima: unachora kisanduku kidogo juu ya mahali unapopashuku, mashine inakuambia kuna nini pale. Basi Metodi alikuwa amepata pa kuchora.

Nilitaka kupiga kelele nitolewe. Lakini ukijitikisa kipimo kinaharibika, unaanza upya. Nikalala kama gogo, machozi yakiniingia masikioni.

Alipokuja kunichoma sindano ya dawa ya kuonyesha njia za damu, alisema, "Samahani, dada Spaska. Itauma kidogo."

Dada! Mtu huyu hakuniita dada hata siku ya mazishi ya mama yangu.

Mwishowe akanitoa. Hakunitazama usoni. "Vaa taratibu, dada. Rumen yuko nje? Nina neno naye."

Ndivyo tunavyofanya. Mgonjwa anavaa, jamaa wanaambiwa. Nimewafanyia mamia hivyo, nikijiona nina huruma. Nikashuka miguu mitupu, nikauegemea mlango.

"Hatoki mtu hapa, Metodi. Kemia imesemaje?"

"Daktari ndiye atakaye..."

"Daktari mwenyewe anakuuliza wewe! Sema!"

Akasema, macho yakiwa sakafuni. Uvimbe, upande wa kulia, ndani, usawa wa sikio. Ukubwa wa yai la kware. Seli zinazaliana mbio, na damu zinainywa kwa pupa. Si kovu, wala si uvimbe wa kusubiri.

Nilijuta kuuliza, nikajuta kweli.

Nje Rumen alikuwa amesimama, mkoba wangu ameukumbatia kifuani, midomo imemkauka.

"Eh? Wamesemaje, Spaska wangu?"

"Mishipa ya shingo tu," nikasema. "Umekula lakini?"

Akacheka mpaka machozi yakamtoka, akanibusu mkono mbele za watu. Akaniambia kwamba kwa wiki tatu hajapata usingizi kwa woga, ila alikuwa ananificha.

"Leo nitalala," akasema.